Mtoto Aliyekuwa Akitoroka na Michembe

Nyinyi mnaosomea saikolojia ya makuzi ya watoto na vijana, na ulinzi wao, wengine mkiwa mmefika shahada ya uzamili kabla ya kuota hata unywele mmoja mweupe, nawaandikia kwa sababu wenzenu walipita kwangu juzi. Mimi ni Mama Kabula, afisa ustawi wa jamii mstaafu. Nakaa Shinyanga na kuku wangu, na magoti ambayo hayataki tena pikipiki. Vijana hao walikuwa njiani kwenda Geita kuhoji watoto wa machimboni, wakaambiwa wapite kwa bibi mmoja aliyefanya kazi pande zile miaka mingi. Wakaketi kibarazani, kila mmoja na kompyuta mapajani, wakaniuliza wasome nini kabla ya kuingia uwandani. Nikawaletea ungo wa karanga, nikawaambia wamenye.

Walimenya kwa adabu, wakidhani nawapa kazi za ndani. Mmoja alinitazama kwa jicho la pembeni, nadhani alihisi bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Mtoto ukimkalisha kwenye kiti mbele yako, ukamkodolea macho na kalamu mkononi, atakujibu kama anavyomjibu mwalimu mwenye fimbo: ndiyo, hapana, sijui. Mpe karanga, nawe chukua zako. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kwenda, maneno huja yenyewe. Hili nilifundishwa na Mzee Pius, afisa ustawi aliyenipokea Kahama nilipoajiriwa, msichana mwembamba wa viatu vya kisigino. Siku ya kwanza alivitazama viatu vile, akaniuliza kama nimekuja kazini au harusini.

Mzee Pius alikuwa na mambo yake. Siku moja ofisi ilipewa gari jipya lenye maandishi makubwa ubavuni kuhusu kuwalinda watoto. Tukaingia nalo kijijini kwa mbwembwe. Kabla hatujazima injini, watoto wote walikuwa wameshapenya ua wa minyaa na kutokomea upande wa pili, wakidhani tumeleta sindano. Mzee Pius akakung'uta kofia yake akasema, "Basi tumewalinda vya kutosha, turudi." Tangu siku hiyo tuliegesha gari shuleni na kutembea kwa miguu. Tulisalimia nyumba nzima kwanza, kuanzia bibi mpaka anayepika, na mtoto tuliyemfuata tulimsalimia mwishoni kama vile tumemkumbuka tu.

Msije mkadhani naibeza shule. Nilikwenda kusoma shahada ile ya uzamili katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaulizia mafao yao. Darasani wote waliniita Mama, mwalimu naye akaniita Mama, mpaka nilipochelewesha zoezi la kwanza. Hapo akaniita Mwanafunzi. Nilihangaika na kompyuta hadi machozi, na binti mmoja wa umri wa mwanangu wa mwisho ndiye aliyenifundisha kuhifadhi nilichoandika. Lakini nilipata nilichokifuata. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeona vijana wa machimbo wakiponea chupuchupu kwenye kifusi jana, leo wanashuka tena shimoni wakicheka, nikawaita wajinga. Shuleni nikaelewa jinsi ubongo wa umri ule unavyosikia sifa za wenzake kabla haujasikia hatari. Niliwahi kuona mtoto akicheka kwenye msiba wa baba yake, nikamwona hana adabu. Shuleni nikapata maelezo yake, na nikasikitika kwamba nilimkemea.

Kwa hiyo someni. Someni mpaka macho yaume. Ninachotaka kuwasimulia ni kile kilichotokea nilipotoka darasani na kurudi nyumbani kufanya utafiti, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba kitabu na bibi yangu wanaweza kukaa meza moja.

Tasnifu yangu ilihusu watoto wanaotoroka kwenye nyumba walizowekwa kwa usalama wao. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kuuliza wanakimbia nini: kipigo, njaa, upweke, kanuni kali. Sikuwa nimeweka swali hata moja la kuuliza wanamwendea nani. Msimamizi wangu hakuliona pengo hilo, wala mimi.

Nyumba salama niliyoanza nayo ilikuwa pembeni mwa mji wa Masumbwe. Mshauri nasaha wa pale alikuwa binti anaitwa Neema, mzaliwa wa Njombe, mwenye shahada nzuri na uvumilivu mkubwa kuliko shahada yenyewe. Ndiye aliyenionyesha Shija. Shija alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mmoja, mwembamba, kichwa kimenyolewa, macho chini muda wote. Wasamaria walimkuta sokoni akiokota viazi vilivyodondoka kwenye magunia, wakamleta. Alisema yeye ni mtoto wa pekee. Alisema hajui kwao. Tangu aletwe alikuwa anatoroka, anarudishwa, anatoroka tena, na kila akirudishwa miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini.

Nitangulize hili: Shija ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Majina mengine nimeyabadilisha. La kwake siwezi, kama mtakavyoona, na hata nikilitaja, mtamtafuta wapi? Kanda ya Ziwa imejaa akina Shija.

Kamati ya ulinzi wa mtoto ilikuwa imemchoka. Sisemi kwa ubaya. Watu wale walikuwa na watoto wengi na vitanda vichache, na mtoto anayetoroka kuelekea machimboni ni hatari juu ya hatari. Walikuwa wakutane Ijumaa kuamua apelekwe kwenye makao ya mkoa mwingine, yenye ukuta mrefu na mlinzi getini. Neema hakutaka. Aliniambia jikoni, akiosha vikombe, "Mama, mimi naona mtoto huyu si mkaidi. Ila sijui ni nini, na nisipojua kufikia Ijumaa wanamchukua."

Nikamuuliza anaona nini kinachomfanya aseme si mkaidi. Akasema ni michembe. Kwa wageni wa kwetu, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Huchemshwa, huliwa na karanga, na siku za ukame ndiyo mlo wenyewe. Pale nyumba salama watoto walipewa michembe asubuhi. Shija alikunywa uji tu, michembe akaificha chini ya godoro. Neema alikuwa ameshasoma, kama mlivyosoma nyinyi, kwamba mtoto aliyelala njaa sana huficha chakula hata akishiba. Ni kweli, nami nimewaona wengi. Lakini mtoto wa namna hiyo mwishowe hukila alichoficha. Shija hakula. Lundo likikua alitoroka nalo, akarudishwa mikono mitupu na tumbo limeshikana na mgongo.

Nililala na jambo hilo, na asubuhi nikaomba ungo wa karanga.

Tuliketi chini, kwenye kivuli cha tangi la maji, mimi na Shija. Nilimsalimia kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo akaitikia. Hakunitazama usoni, na katika ripoti moja niliyoisoma hilo lilikuwa limeandikwa kama dalili. Kwetu ni heshima. Mtoto aliyelelewa vizuri hamtazami bibi machoni. Tulimenya muda mrefu bila neno. Nilikuwa nalifikiria jina lake. Wasukuma wakijaliwa mapacha, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hilo nchi nzima inalijua. Lakini anayezaliwa baada yao ni Shija. Mtoto haitwi Shija hivi hivi. Jina lake linakwambia mgongoni mwa nani alikuja. Na huyu alikuwa amesema ni wa pekee.

"Shija," nikamwambia, macho yangu kwenye karanga, "Kulwa na Doto wanakula nini siku hizi?"

Mikono yake ikasimama. Karanga moja ikamponyoka, ikabiringika hadi kwenye sketi yangu.

"Nani kakwambia?"

"Jina lako."

Akafikiri. Kisha akasema, taratibu sana, "Doto anakula. Kulwa amelala."

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Nikamuuliza amelala wapi. Akainuka, akakung'uta maganda kwenye nguo yake, akanipigia goti tena na kwenda zake. Siku hiyo hakusema neno lingine, kwangu wala kwa mtu yeyote.

Nikamweleza Neema. Alikuwa amemfanyia Shija vipimo vyote vya makuzi, akavitazama upya. Akasema, "Mtoto wa umri huu anajua kifo ni nini. Anajua aliyekufa harudi. Kama Kulwa amekufa, angesema amekufa. Labda anatunga, Mama, au kuna kitu ndani yake hakijakomaa kama kilivyotakiwa." Kwa kitabu hakukosea. Hata mimi nilianza kupitia kichwani hatua zile, za umri huu na umri ule, nikajaribu kumweka Shija kwenye mojawapo.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Bibi alijifungua mapacha, mmoja akafariki akiwa anatambaa. Mama aliniambia kwamba siku ile ile bibi alikwenda kisimani, akateka maji, akapika, na waliokuja kumpa pole waliambiwa mtoto amelala. Katika nyumba zile zinazoshika ya zamani, pacha haambiwi amekufa, wala halii mtu. Wanaogopa yule aliyebaki atasikia mwenzake analiliwa, atamfuata. Kwa hiyo wanakaza macho. Bibi yangu alikaza macho mpaka uzeeni, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni mwanamke asiye na moyo.

Nilipomaliza kumsimulia, Neema aliweka chini kitambaa cha vyombo. Kisha akauliza jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikia: "Kwa hiyo michembe inakwenda kwa Doto? Na Doto yuko wapi mpaka alishwe na mdogo wake?"

Hatukujua. Tulichojua ni kwamba kule kwenye udongo mwekundu kulikuwa na mtoto mwingine anayengoja chakula, na kwamba Ijumaa tungemfungia ndani ya ukuta mrefu yule pekee aliyekuwa anampelekea.

Alhamisi tukarudi kwenye tangi na ungo wetu. Safari hii Shija ndiye aliyeanza.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "nikikwambia, utasema?"

Wanangu, hapa wengi wenu mtateleza. Mtoto amefika mlangoni, kilichobaki ni useme tu, sitamwambia mtu, naye atafungua. Msiseme. Ni uongo unaosemwa kwa upole, na siku mtoto atakapougundua hatamwamini tena mtu mzima yeyote. Chuoni walitufundisha kuwasomea watoto, kabla ya mahojiano, kwamba maneno yao yatatunzwa isipokuwa kama kuna mtu yuko hatarini. Nimeona watafiti wakiipita hiyo "isipokuwa" mbio kama gari lisilo na breki. Mimi nilikuwa nimeisoma polepole, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na sasa ilinibidi niishi nayo.

"Nitasema," nikamjibu.

"Kwa nani?"

"Kwa Neema kwanza. Halafu kwa mtendaji. Na ikibidi, kwa polisi. Lakini kabla sijamwambia yeyote, nitakwambia wewe. Na ukitaka, utakuwepo wakati nasema."

"Watamkamata Doto?"

"Kwa kosa gani?"

"Kuchimba."

"Mtoto hakamatwi kwa kuchimbishwa. Anakamatwa aliyemshusha."

"Watamtoa pale?"

"Sijui, Shija. Sitakudanganya. Nitakuwa pale pale watakapoamua, na nitasema ninachokiona."

Akainuka, akaenda nyuma ya tangi. Nikaendelea kumenya. Niliogopa, nawaambia kweli. Kama angeruka ua wakati ule, angeondoka na siri ya Doto wake, na mimi nisingempata tena, na ningebaki nimejishikilia ukweli wangu mkononi. Nilimenya hadi vidole vikauma. Niliona miguu yake tu chini ya tangi, inakwenda upande huu na kurudi upande ule.

Alirudi akachuchumaa. "Doto hawezi kuondoka," akasema. "Anamlinda Kulwa. Kulwa yuko ndani ya duara."

Duara ni shimo la dhahabu. Nilimwambia sasa naenda kumweleza Neema, akasema twende wote. Kisha nikampigia simu msimamizi wangu chuoni, maana nilikuwa mwanafunzi wake. Akaniuliza kama natambua kwamba kuanzia dakika ile mtoto yule si wa utafiti wangu tena, na kwamba sitaweza kumtumia kwenye tasnifu hata kwa mstari mmoja. Nikasema natambua. Akasema, "Basi nenda, Mama." Namheshimu mpaka leo kwa maneno hayo mafupi.

Tulikwenda mchana ule ule, mimi, Neema, Shija, na mtendaji wa kijiji aliyekuwa na wasiwasi mwingi kuliko maneno. Gari tuliliacha mbali. Machimbo yale yalikuwa porini, machache na ya wachimbaji wadogo wadogo: maturubai, karasha moja ikisaga mawe kwa kelele, wanawake wakichekecha, viroba vimepangwa. Shija alitutangulia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwao. Alitupitisha nyuma ya maturubai hadi kwenye uwazi ambao hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Palikuwa na fungu la udongo mwekundu uliotitia katikati, matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za shimo, yamevunjika na kuchomoza kama mbavu, na juu yake ameketi kijana.

Doto alikuwa na miaka kama kumi na mitano, sauti ndiyo imeanza kuvunjika. Nguo zake zilikuwa na rangi ya udongo aliokalia. Hakukimbia, wala hakutuuliza sisi ni nani. Shija alifungua kanga yake, akamwekea michembe mapajani. Doto akaigawa sawasawa, upande huu na upande huu. Fungu moja akaliweka juu ya udongo, mahali palipotitia, akaliegemeza kwenye timba lisianguke. La pili ndilo alilokula. Nikaelewa kwa nini Shija alikuwa halambi hata kipande. Alikuwa analisha kaka wawili.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza chakula pale alitusimulia kilichotokea, akizungumza upesi na kutazama nyuma yake. Wale watatu walitoka Bukombe baada ya mvua kukosa na pamba kukauka. Mama yao aliambiwa wanakwenda kwa mjomba. Kwa mjomba walikaa wiki chache tu, wakavutwa na habari za machimbo. Kaka wakawa wanashushwa kwenye vijia vyembamba ambavyo mtu mzima hapiti, mdogo wao akawapikia. Siku duara lilipotitia, Doto alikuwa amepanda juu kuchukua matimba. Alipiga kelele kwamba mwenzake yuko chini. Mwenye duara akasema chini hakuna mtu, kwa sababu anajua sheria inasemaje juu ya kushusha watoto. Wachimbaji waliogopa, wakafunga midomo, wakahamia upande mwingine. Mwenye duara akatoweka. Mama huyu muuza chakula ndiye aliyekuwa anampa Doto maji. "Nilimwambia aende kwao," akasema. "Hanijibu. Hajaongea tangu siku ile."

Nikaketi chini, udongoni, kando ya Doto. Suruali ya ofisini ya Neema ilikuwa nyeupe, naye akaketi. Hatukuuliza swali. Mtendaji alisimama akifuta jasho, baadaye naye akachuchumaa. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha maturubai kikatufikia. Nikamwambia Doto jina langu na kazi yangu, na kwamba Shija ndiye aliyetuleta kwa hiari yake, na kwamba sikuja kumwondoa kwa nguvu.

Akafungua mdomo, sauti ikakwama, akajaribu tena. "Mkitaka niondoke," akasema, "mtoeni yeye kwanza."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Naomba mlikumbuke hili mtakapokuwa mnaandika mipango ya kumhudumia mtoto. Tungeweza kumbeba. Alikuwa mwepesi, na mtendaji alikuwa na nguvu. Tungemfikisha kwenye godoro safi na daktari, na tungeripoti kwamba mtoto ameokolewa, na angetoroka kesho yake kama mdogo wake. Neema ndiye aliyelisimamia. Alibaki pale na Doto na Shija, akalala kwenye turubai la yule mama muuza chakula, huku mimi na mtendaji tukihangaika na simu na ofisi. Wilaya ikasikia, wakaja polisi, wakaja watu wa madini, likaletwa katapila lililokuwa linachonga barabara. Ijumaa ile kamati haikukaa. Wajumbe wake wengi walikuwa wamesimama porini na sisi. Doto alionyesha kwa kidole wachimbe wapi, na alikuwa sahihi. Alasiri wakamfikia Kulwa. Sitawaelezea walichokitoa. Waliomtoa walikuwa ni wale wale wachimbaji waliofunga midomo. Walishuka wenyewe bila kuombwa pale katapila liliposhindwa, na mmoja alivua shati lake akamfunika.

Nilikuwa nimejiuliza kwa nini Shija hakurudi Bukombe kumwambia mama yake. Bukombe si mbali, na ingekuwa rahisi kuliko kukaa sokoni na kulishwa na wageni. Nilipomwona mama mwenyewe akishuka kwenye bodaboda, kanga mabegani, rozari shingoni, ndipo nikaelewa. Watu wote walimwita Mama Kulwa. Ndilo jina lake tangu awe mzazi. Huyu mtoto angesimama mbele ya Mama Kulwa amwambie nini, kwa maneno gani, wakati neno lenyewe limekatazwa nyumbani kwao?

Mama Kulwa hakulia. Alisalimia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, marahaba. Akaenda kwa Doto, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama masikio, macho, meno, kama anavyotazamwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akaketi kando ya kile kilichofunikwa kwa shati na kuweka mkono juu yake. Katekista aliyekuja naye akasalisha. Askari mmoja kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama huyu ni mzima kweli? Mbona hana hata chozi?" Nikamwambia anyamaze.

Walimzika Kulwa kwao Bukombe, nyuma ya nyumba, na hakuna aliyepaza sauti. Mwenye duara alikamatwa baadaye kule Buseresere, kesi ikaenda inakokwenda. Kamati ilipokaa hatimaye, hakuna aliyetaja ukuta mrefu. Ikaamuliwa watoto warudi kwa mama yao, na Neema awe anawatembelea. Aliwatembelea mpaka alipohamishwa, na hata baada ya kuhamishwa. Doto alirudi kuongea kidogo kidogo, kwanza na mbuzi, halafu na watu. Tasnifu yangu niliiandika kwa habari za watoto wengine, nikafaulu kwa alama za kawaida.

Siku moja baada ya maziko nilimchukua Shija kumpeleka Masumbwe akachukue nguo zake na kuwaaga wenzake. Tulikodi gari. Tuliketi kiti cha nyuma, yeye dirishani. Tulikuwa tumekwenda kitambo, mashamba yanapita, ndipo akageuka na kunitazama. Usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mayu, kwenu kulia kunakatazwa?"

"Kwa bibi yangu kulikatazwa. Kwangu hapana."

"Hata kwa pacha?"

"Hata kwa pacha. Na mimi si wa nyumba yenu, Shija. Katazo lenu halinihusu."

Akalifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayehakikisha kwamba njia ni salama.

"Basi utulilie wewe," akasema.

Nikamwomba dereva asimame pembeni. Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na nimeona mengi ambayo sitayaandika, na siku hiyo nililia kama aliyefiwa. Shija alinisogelea, akaniegemea ubavuni, macho yake makavu, mkono wake kwenye goti langu. Alikaa hivyo akinisikiliza. Nilipoishiwa pumzi nikajifuta kwa kanga, nikataka kumwambia dereva twende.

Akanigusa goti. "Hiyo ni ya Doto," akasema. "Bado ya mama."

Dereva akazima injini, nikaendelea.